Tununue Sasa au Tusubiri?

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu ambacho ukikitazama haraka haraka hakifanani kabisa na mambo ya mapenzi, lakini kimewanunisha watu wengi ndani ya nyumba. Kitu chenyewe ni kompyuta. Sizungumzii habari ya mtu kukuta meseji za ajabu kwenye kompyuta ya mwenzake, hiyo tutaipa siku yake! Nazungumzia kuinunua: inunuliwe lini, ipi, na ikifika nyumbani itakubaliana na vitu mlivyonavyo?

Zamani wachumba waliokuwa wakijiandaa kuanza maisha waliwaza kitanda, friji na seti ya sofa. Siku hizi kompyuta imeingia kwenye orodha, kwa sababu kazi zetu wengi zinatufuata hadi nyumbani. Mwalimu anaandaa mitihani usiku, mhasibu anamalizia ripoti yake mezani pa chakula, na yule anayeuza nguo kwa oda anatunza hesabu zake humo humo. Kompyuta ikikwama, kuna mtu ndani ya nyumba ambaye kipato chake kimekwama. Hapo ndipo jambo la mashine linapogeuka kuwa jambo la watu wawili.

Wiki chache zilizopita tulikuwa Sinza kwa rafiki yangu, tumealikwa chakula cha Jumapili. Pilau limekwisha, watu wamenyoosha miguu, mara mazungumzo yakaangukia kwenye kompyuta. Ndani ya nusu saa nikagundua kwamba karibu kila nyumba iliyowakilishwa pale ilikuwa na kesi yake.

Ya kwanza aliitoa mama mwenye nyumba. Yeye anaoka keki za sherehe, na oda zake, madeni na namba za wateja vyote vimo kwenye kompyuta ya mezani ambayo mumewe aliinunua Kariakoo mwaka 2023. Ilikuwa imetumika Ulaya, ikauzwa Sh. 350,000 pamoja na kioo chake. "Muuzaji aliniapia, hii ni i5 ya ofisini, haichoki," mume akajitetea. Na kweli haikuchoka. Shida ilianza Oktoba 2025, mashine ilipomtangazia bibie kwamba Windows 10 imefika mwisho wake, naye alipojaribu kupanda kwenda Windows 11 akajibiwa kwamba kompyuta yake haijatimiza masharti. "Shemeji," akanigeukia, "mashine nzima, haina hata mkwaruzo, inaniambia eti haifai. Haifai kwa nani?"

Ya pili ilikuwa ya wachumba. Binti anamalizia shahada ya uzamili na laptopu yake imekufa. Mchumba wake ni mpenzi wa teknolojia kupindukia, akamwambia asubiri kidogo, kuna toleo jipya linakuja ambalo betri yake inakaa kutwa. Hayo aliyasema mwaka jana. Toleo likachelewa. Lilipotoka, bei ilikuwa haishikiki, basi sasa wanasubiri bei ishuke. Wakati huo wote binti anachapa tasnifu yake kwenye kompyuta za kulipia kwa saa, na siku nyingine anarudi nyumbani saa nne usiku kwa bodaboda.

Ya tatu ilitoka kwa kaka mmoja aliyefanya kila kitu sawasawa: alinunua laptopu mpya ndani ya boksi. Alipofika nyumbani, printa ambayo mkewe anaitumia kuchapa mitihani ya wanafunzi wake wa tuisheni ikagoma. Kwanza waya wake haukuwa na pa kuingia. Wakanunua kiunganishi. Ukaingia, lakini mashine ikawa haiisomi printa. Sasa mezani wana kompyuta mbili, na ile ya zamani ipo kwa ajili ya printa tu. "Nimenunua laptopu, nimeoa wake wawili," akasema, mkewe akamkata jicho, sote tukacheka.

Kicheko kilipoisha, nikabaki na swali. Je, hawa wote walikosea? Nilipoifuatilia habari hii niliona kwamba wengi wetu tunajilaumu, au tunamlaumu mwenzetu, kwa mambo yaliyoamuliwa mbali sana na sebule zetu.

Tuanze na ile kompyuta ya keki. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kukoma huko hakukuwa na maana kwamba kompyuta zingezimika siku hiyo. Maana yake ni kwamba zile marekebisho za usalama zinazoziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni zingesimama. Windows 11 yenyewe ilitoka Oktoba 2021 na masharti makali kuliko yaliyozoeleka. Inataka kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, kinachotunza funguo za siri za mashine, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, ukiacha chache sana, inaanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017.

Sasa hapa ndipo neno "i5" linapotuponza. Muuzaji akisema i5 hajakudanganya, ila hajamaliza sentensi. Angalia namba inayofuata. Ikiwa i5-6300U, hiyo ni ya kizazi cha 6. Ikiwa i5-7200U, ni kizazi cha 7. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha 8, na ikiwa i5-10210U, ni kizazi cha 10. Mashine nyingi zinazotoka kwenye maofisi ya Ulaya na kuja kwetu zikiwa zimetumika huwa zina umri wa miaka kadhaa, kwa hiyo tofauti ya tarakimu moja tu pale inaamua kama mashine itaingia Windows 11 au la. Dukani zote zinang'aa sawa, zimefutwa vumbi vizuri!

Rafiki yangu naye alikuwa ameshampata fundi wa kumpigia Windows 11 kwa njia ya panya. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini Microsoft yenyewe imesema mashine isiyotimiza masharti haina hakika ya kuendelea kupata marekebisho. Kwa mtu mwenye hesabu za biashara humo ndani, hiyo ni bahati nasibu. Njia zilizo salama zaidi zilikuwepo. Microsoft ilitangaza nyongeza ya huduma ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mojawapo ya njia za kuipata haikuwa na malipo kwa anayekubali kuunganisha kompyuta yake na akaunti ya Microsoft. Njia nyingine ni mfumo wa bure kama Linux Mint, ambao unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote kilichomo kwenye mashine. Kama kazi yako ni kuandika, kupiga hesabu na kuingia intaneti, huenda ukakutosha kabisa.

Tuje kwa kaka wa printa. Kompyuta na printa hazizungumzi lugha moja. Katikati pana programu ndogo inayoitwa draiva, kazi yake ni kama ya mkalimani. Mfumo wa kompyuta ukibadilika, mkalimani naye abadilike, na anayetakiwa kumtengeneza mara nyingi ni kampuni iliyouza printa. Kampuni hiyo ilishapata pesa yako miaka mingi nyuma. Kuna inayojisumbua na kuna inayoona ni afadhali ununue printa mpya. Hayo ndiyo yaliyomkuta, na wala hakuwa mzembe.

Na kama unadhani mambo haya huwapata wanyonge tu, ngoja nikupe kisa cha Windows Vista. Ilitoka kwa wanunuzi wa kawaida Januari 30, 2007, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Machi 2006 Microsoft ilitangaza kwamba isingewahi msimu wa Krismasi wa mwaka ule, ambao kwa wauza kompyuta ndio msimu wa mavuno. Ili watu wasiache kununua kwa kisingizio cha kusubiri, kompyuta zilizokuwa madukani zikabandikwa stika iliyosema zina uwezo wa Vista. Nyingi kati ya hizo ziliweza kuendesha toleo la chini tu, lisilokuwa na ule urembo wa kioo uliokuwa ukitangazwa kila mahali. Wanunuzi wakaenda mahakamani Seattle mwaka 2007.

Kesi ile ilianika barua pepe za wakubwa wa Microsoft wenyewe, na jamani, zinachekesha! Mike Nash, makamu wa rais wa kampuni, alilalamika kwamba amenunua laptopu yenye stika ile na sasa ana mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe tu. Steven Sinofsky, aliyekabidhiwa kuiongoza Windows, aliandika kwamba printa yake ya nyumbani haikuwa na draiva Vista ilipotoka. Jon Shirley, mjumbe wa bodi aliyewahi kuwa rais wa Microsoft, naye alikwama kwa sababu ya vifaa vyake vya nyumbani. Hebu fikiria: wenye kiwanda wamekaa majumbani mwao wanahangaika na printa kama wewe na mimi. Wanunuzi hawakufaidi sana mwishoni, maana Februari 2009 jaji aliiondolea kesi hiyo hadhi ya kuwa ya pamoja, na kila mmoja akabaki na lake.

Kwa hiyo siku nyingine mwenzako akileta nyumbani mashine inayogoma, kabla hujasema "si nilikuambia", kumbuka waliotengeneza Vista.

Sasa nije kwa wachumba wangu, maana kesi yao ndiyo iliyoniuma zaidi. Kusubiri toleo jipya kunaonekana ni busara. Wahenga wetu walisema subira yavuta heri. Lakini wahenga hao hao walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenye kompyuta ngoja ngoja imeumiza wengi.

Septemba 2017 kampuni ya Apple ilitangaza AirPower, kitanda kidogo cha kuchajia simu, saa na visikilizio kwa pamoja bila waya. Ikaambiwa dunia kwamba kitatoka 2018. Mwaka 2018 ukapita. Machi 29, 2019 Apple ikatangaza kwamba imeachana nacho kwa kuwa hakifikii viwango vyake. Aliyekaa bila kununua chaja nyingine kwa kukingoja alisubiri mwaka mmoja na nusu, akaishia kuambiwa samahani.

Wapo hata wauzaji walioumizwa na ahadi zao wenyewe. Osborne 1, kompyuta ya kubeba mkononi yenye uzito wa kilo 11 hivi, ilitoka mwaka 1981 ikiuzwa dola 1,795, na ikanunuliwa kwelikweli. Mwaka 1983 habari za mashine mpya iliyo bora zaidi zikasambaa kabla haijafika madukani. Wateja wakafanya kile ambacho mchumba yule anafanya: wakasubiri. Mauzo ya mashine iliyokuwepo yakadorora, ushindani nao ukawa mkali, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Mpaka leo watu wa biashara hiyo wana jina la kosa la kutangaza mapema. Wanaliita kwa jina la Osborne.

Na hili la kusubiri bei ishuke? Tumezoea kuamini kwamba vitu vya kompyuta hushuka bei vyenyewe ukivipa muda. Mara nyingi imekuwa hivyo, siyo mara zote. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za ramu zilipanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vilikuwa vinaelekeza uzalishaji wao kwenye mitambo mikubwa ya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya ramu na diski kwa wanunuzi wa kawaida. Aliyesema "tusubiri mwakani itakuwa rahisi" alikuta mwakani imepanda.

Hapo Sinza nilimuuliza kijana swali moja tu. "Wewe unatumia kompyuta gani?" Akajibu bila kusita, "Mimi nina ya ofisini." Palepale binti akainamisha kichwa. Hakusema kitu, na wala hakuhitaji kusema.

Wasomaji wangu, kwangu mimi jambo lenyewe liko hapo. Katika nyumba nyingi, anayeamua kusubiri ni yule anayesifika kwa kujua kompyuta, na mara nyingi ndiye ambaye tayari ana nyingine ya kutumia kazini. Anayesubiri ni mwingine. Kwa mmoja, mwezi mmoja zaidi ni mwezi wa kusoma sifa za mashine mpya kwa raha zake. Kwa mwenzake ni mwezi wa kulipia saa, kurudi usiku, kuomba kompyuta ya jirani na kumwomba msimamizi wa tasnifu amwongezee muda. Gharama ya kusubiri ipo, ila hailipwi na aliyeamua. Namuelewa kijana yule, alitaka kumpa mchumba wake kitu kizuri. Lakini kitu kizuri kinachokuja baada ya tasnifu kukwama kitamsaidia nini?

Ndiyo maana nasema, kabla hamjaulizana ipi ni bora, ulizaneni nani atakuwa anasubiri, na atakuwa anafanya kazi kwa kutumia nini wakati anasubiri. Ikiwa jibu ni "hana kitu", basi nunueni iliyopo dukani leo. Ikiwa mashine iliyopo nyumbani bado inafanya kazi, subirini kwa amani, ila wekeni tarehe. Likifika toleo jipya kabla ya tarehe hiyo, vizuri. Lisipofika, nunueni lililopo na wala msitazame nyuma.

Mkishakubaliana kununua, naomba muyafanye haya machache.

Kwanza, kaeni mezani wote wawili muorodheshe vitu vyote vitakavyounganishwa na kompyuta hiyo: printa, skana, modemu, spika, kioo, hata flashi. Andikeni jina kamili na namba ya kila kimoja. Halafu ingieni kwenye tovuti ya aliyekitengeneza muangalie kama kuna draiva ya mfumo mnaonunua. Kazi hii haimalizi saa moja, na ingemwokoa kaka yangu wa wake wawili.

Pili, kwa mashine iliyotumika, msiishie kwenye i5 au i7. Someni namba nzima ya prosesa. Iwasheni palepale dukani, mwandike tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, na mashine itawaambia kama TPM ipo na ni toleo la ngapi. Muuzaji anayekataa kuwasha amewajibu tayari.

Tatu, nendeni na printa dukani. Ndiyo, ibebeni! Kama ni kubwa, nendeni angalau na waya wake mwone kama una pa kuingia. Watu watawashangaa, acheni washangae.

Nne, kubalianeni na muuzaji kwa maandishi kwamba mashine ikikataa kazi mliyoitaja, mna siku kadhaa za kuirudisha. Wengine watagoma, lakini wapo wanaokubali, na hao ndio wa kurudi kwao.

Tano, na hili nalisisitiza, maneno ya mwisho yawe ya yule atakayeitumia zaidi. Haijalishi nani anajua majina ya prosesa. Mama wa keki hakutaka mashine yenye kasi ya ajabu; alitaka daftari lake la wateja lisipotee. Angeulizwa hilo tangu mwanzo, pengine pesa ingekwenda kwenye mashine yenye kizazi kimoja mbele na diski ya nje ya kutunzia nakala.

Kwa upande wa waya nina habari njema kidogo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba simu na vifaa vingi vidogo viwe na tundu moja la aina ya USB-C kuanzia Desemba 28, 2024, na laptopu zifuate kuanzia Aprili 28, 2026. Kwa kuwa vifaa vingi vilivyotumika vinatujia kutoka huko, taratibu ile droo yetu ya chaja kumi zisizofanana itapungua. Draiva ni hadithi nyingine, hizo bado zitatusumbua.

Na wewe kijana wa Sinza, najua utaisoma hii. Duka linafunguliwa saa tatu asubuhi. Mpigie mwenzako umuulize anataka kioo cha ukubwa gani.

Mwezi ujao tutazungumzia akaunti ya benki ya pamoja: nani anashika kadi, na nani anajua namba ya siri? Hadi hapo, pendaneni.